Picha Imefika, Sauti Imebaki: Maoni Kuhusu Istilahi za Ufundi wa Elektroniki

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umeendeshwa kwa muda mrefu, na kwa sehemu kubwa umeendeshwa ndani ya kumbi za vyuo na ofisi za mabaraza. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na hasa tangu Tumbo-Masabo na Mwansoko walipochapisha Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili mwaka 1992, wataalamu wamekaribia kukubaliana juu ya njia za kuunda istilahi: unyambuaji, uambatanishaji, upanuzi wa maana, utohozi na tafsiri. Jambo ambalo bado halijakubaliwa ni kipimo. Istilahi ikishaundwa, nani atasema kwamba inafaa, na atasema hivyo kwa ushahidi gani?

Makala haya yanatoa jibu moja kwa upande wa istilahi za ufundi. Kipimo chake ni kazi. Mtu asiyewahi kuifanya kazi fulani apewe maelezo ya Kiswahili peke yake. Akiifanya ikakamilika, istilahi zilizotumika zimefaa. Akikwama, litafutwe neno lililomkwamisha. Inadaiwa zaidi hapa kwamba istilahi nyingi za elektroniki hukwamisha kwa sababu moja: hutaja chombo bila kutaja mwendo wa kile kinachopita ndani ya chombo hicho.

Mfano utakaotumika ni mdogo kwa makusudi. Ni kazi ya kuunganisha mashine ya gemu na monita ya kompyuta ili picha ionekane na sauti isikike sawasawa. Mahali pake ni Chamazi, kata ya pembezoni mwa Manispaa ya Temeke, ng'ambo ya Mbagala, inayofahamika kwa wapenzi wa kandanda kwa sababu ya uwanja wa Azam Complex. Hapo, kama ilivyo katika vitongoji vingine vya Dar es Salaam, kandanda huchezwa uwanjani na huchezwa pia katika vibanda vya gemu na vyumba vya kupanga. Huenda msomi akauliza: jambo la kitoto kama hilo lina nafasi gani katika jarida la taaluma? Jibu ni kwamba kazi hiyo ina sifa ambayo mjadala wa istilahi umeikosa, yaani matokeo yake hayabishaniwi. Sauti hutoka, au haitoki.

2.0 Chombo Kilichogawanyika

Kwa miaka mingi televisheni ilikuwa sanduku moja. Wakazi wa Tanzania Bara walianza kupata vituo vyao vya televisheni mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya wenzao wa Zanzibar, na waliipokea kama chombo kizima: kioo, spika na kipokea mawimbi vyote ndani ya umbo moja. Aliyesema 'tivii' alikuwa amesema picha na sauti kwa pamoja, wala hakuhitaji kuvitenganisha. Vyombo vilivyofuata, kama vile deki na mashine za gemu, viliungwa na sanduku hilo kwa waya wenye vichwa vitatu: cha njano kwa picha, cheupe kwa sauti ya upande wa kushoto na chekundu kwa sauti ya upande wa kulia. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote, iliunganishwa kwa waya wa namna hiyo. Mtoto aliyezijua rangi alikuwa ameijua kazi.

Monita ya kompyuta ina historia nyingine. Iliundwa ili imwonyeshe mtumishi wa ofisi maandishi na tarakimu, na sauti haikuwa sehemu ya wajibu wake. Tundu la VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, lina pini 15, na zote ni kwa ajili ya picha. Tundu la DVI lililofuata mwaka 1999 lilibadili namna ya kusafirisha picha, lakini kwa mujibu wa kanuni zake nalo halikukusudiwa kubeba sauti. Ni HDMI, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2002, iliyotia picha na sauti katika waya mmoja wenye kichwa cha pini 19. Mashine za gemu zilizofuata, kuanzia PlayStation 3 ya mwaka 2006 hadi PlayStation 4 ya mwaka 2013 na PlayStation 5 ya mwaka 2020, zote hutoa picha na sauti kwa njia hiyo.

Sasa ichukuliwe kwamba kijana wa Chamazi amepata PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, na kwa kuwa televisheni mpya ni ghali, amenunua monita kuukuu iliyotoka ofisini. Monita hiyo ina tundu la VGA tu. Anaambiwa kwamba atahitaji 'waya wa kubadilisha'. Anaununua na kuuchomeka. Picha inakuja safi, wachezaji wanaonekana, mpira unapigwa, lakini uwanja mzima uko kimya. Anarudi dukani na kusema kwamba waya ni mbovu. Anapewa mwingine, na hali inakuwa ileile. Kufikia safari ya tatu, nauli na bei ya nyaya zimekula akiba ambayo ingemtosha kununua spika.

Kijana huyo hakuwa mjinga, na waya haukuwa mbovu. Waya wa VGA ulifanya kazi yake yote, kwa kuwa kazi yake yote ni picha. Kosa lilikuwa katika dhana aliyoibeba kutoka kwenye jina. Monita aliyonunua aliijua kama 'tivii ndogo', na neno 'tivii' lilikuwa limemwahidi sauti. Chombo kilikuwa kimegawanyika, na jina lilikuwa bado zima.

Kuna jambo jingine linalostahili kuangaliwa. Wakati vyombo vilikuwa vinagawanyika, nyaya zilikuwa zinaungana. Waya wa zamani wenye rangi tatu ulimfundisha mtumiaji, bila maneno, kwamba picha na sauti ni vitu viwili vinavyosafiri kila kimoja kwa njia yake. Mwenye PlayStation 2 aliyetaka kutumia monita alipaswa kutafuta kigeuzi cha picha, lakini sauti haikumsumbua: vichwa vyeupe na vyekundu aliviingiza moja kwa moja katika spika zake. HDMI iliondoa usumbufu wa nyaya nyingi, na kwa kufanya hivyo ikaondoa somo. Kile ambacho rangi zilikuwa zikikieleza kwa macho, sasa sharti kielezwe kwa lugha. Hapo ndipo wajibu wa wanaistilahi unapoanzia.

3.0 Majina ya Umbo na Majina ya Kazi

Lugha ya mitaani haikukaa bure. Televisheni za zamani zenye mgongo uliochomoza zimepewa jina la 'chogo', kwa kufananishwa na kisogo cha binadamu, na zile nyembamba zikaitwa 'flati'. Kwa mtazamo wa upanuzi wa maana, 'chogo' ni neno zuri: ni la Kiswahili, ni fupi, halisahauliki. Tena kwa muda mrefu lilifaa kazini, kwa sababu umbo na matundu vilikwenda pamoja. Fundi aliyeambiwa kwamba tivii ni chogo alitarajia kukuta matundu ya rangi tatu kabla hajaiona.

Udhaifu wa jina la umbo hudhihirika pale vitu viwili vyenye kazi tofauti vinapofanana. Monita ni nyembamba kama televisheni nyembamba, kwa hiyo zote mbili huweza kuitwa 'flati'. Lakini moja ina spika na nyingine aghalabu haina. Moja ina kipokea mawimbi na nyingine haina. Jina limeshika sura, likaiacha tofauti ambayo mnunuzi anaihitaji.

Mfano wa kinyume ni 'king'amuzi'. Mitambo ya kurusha matangazo ya televisheni kwa mfumo wa analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kila kaya iliyotaka kuendelea kutazama matangazo hayo ikalazimika kuwa na chombo cha kupokea mfumo wa dijitali. Neno 'king'amuzi', lililonyambuliwa kutoka kitenzi 'ng'amua', lilienea kwa kasi ambayo maneno mengi yaliyoundwa hayajawahi kuipata. Yapo maneno ya kompyuta, kama vile 'ngamizi' na 'tarakilishi', ambayo yametangulia kwa miaka mingi na bado Mtanzania wa kawaida husema 'kompyuta'. Inawezekana kudai kwamba 'king'amuzi' lilibahatika kwa sababu ya tangazo la serikali. Dai hilo lina ukweli, ila halitoshi. Neno hilo linamwambia msikiaji kile ambacho chombo kinakifanya: mawimbi huingia yakiwa hayaeleweki kwa televisheni, na hutoka yakiwa yameng'amuliwa. Mama wa nyumbani aliyekosa picha aliweza kujiuliza kama kasoro iko kabla ya king'amuzi au baada yake. Jina lilimpa mahali pa kuanzia kutafuta.

Hata hivyo, kutaja kazi peke yake hakutoshi, na ushahidi ni neno 'kipaza sauti'. Neno hilo hutumiwa kwa kifaa kinachoshikwa na msemaji, na hutumiwa pia kwa kifaa kinachowafikishia wasikilizaji sauti yake. Wapo wanaolaumu utata huo kama uzembe wa watumiaji lugha. Lawama hiyo haina msingi. Katika mkutano wa hadhara, kifaa cha kuongelea, kikuza sauti na pembe iliyofungwa juu ya gari vilikuja pamoja, vilikodishwa pamoja na viliharibika pamoja. Kazi ya jumla ya seti nzima ilikuwa kupaza sauti, na jina moja lilitosha. Utata ulizaliwa baadaye, sehemu hizo zilipoanza kuuzwa mbalimbali. Leo mtu akifika dukani na kuomba kipaza sauti, muuzaji makini hana budi kumuuliza: cha kuongelea au cha kutolea?

Neno 'sabufa' limekwenda njia ya kinyume. Kwa asili yake katika Kiingereza lilitaja spika ya sauti nzito peke yake. Dar es Salaam, 'sabufa' ni seti nzima: kikuza sauti, spika kubwa na spika zake ndogo. Mtaalamu wa sauti ataona kwamba kizima kimechukua jina la sehemu. Lakini neno hilo halimkwamishi mtu, kwa kuwa seti hiyo huuzwa kama kitu kimoja. Kutokana na mifano hii inaweza kutolewa kanuni: mpaka wa jina hauna budi kulingana na mpaka wa kitu kinachoshikwa, kinachonunuliwa na kinachounganishwa. Chombo kinapogawanyika, jina nalo hudai kugawanywa.

4.0 Mwendo wa Sauti na Kauli ya Kutendea

Swali la muuzaji lililotajwa hapo juu lina jibu la kiisimu ndani yake. 'Cha kuongelea' na 'cha kutolea' ni vitenzi katika kauli ya kutendea. Kiswahili hutumia kauli hiyo kila siku kutaja chombo au mahali pa kufanyia jambo: kisu cha kukatia nyama, maji ya kuogea, chumba cha kulalia. Hakuna mzungumzaji anayehitaji kufundishwa maana yake. Kwa hiyo lugha tayari ina mashine yake ya kuonyesha mwendo, na inaweza kuunda bila kikomo: tundu la kutolea sauti, tundu la kuingizia sauti, tundu la kutolea picha, tundu la kuingizia picha. Istilahi hizi ni ndefu kuliko maneno mafupi ya Kiingereza yaliyoandikwa nyuma ya mashine, lakini kila moja inajibu swali ambalo fundi huuliza kwanza: kinatoka wapi na kinaingia wapi?

Kipimo kilichopendekezwa mwanzoni kitumiwe sasa. Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejua Kiswahili tu, naye yuko chumbani Chamazi na PlayStation 4, monita na sabufa.

Hali ya kwanza ni ya monita yenye tundu la HDMI. Waya wa HDMI utoke katika mashine uingie katika monita. Picha na sauti zimefika zote mbili ndani ya monita, hata kama monita yenyewe haina spika. Litafutwe tundu dogo la duara, la milimita 3.5, ambalo mara nyingi huwa na alama ya hedifoni. Hilo ndilo tundu la kutolea sauti. Uchukuliwe waya wenye kichwa kimoja kidogo upande mmoja, na vichwa viwili, cheupe na chekundu, upande wa pili. Kichwa kidogo kiingie katika monita. Cheupe na chekundu viingie katika matundu ya kuingizia sauti ya sabufa. Mtumiaji wengi hudhani kwamba monita ni mwisho wa safari. Kwa picha, ndivyo ilivyo. Kwa sauti, monita ni kama kituo cha Mbagala Rangi Tatu kwa abiria wa Chamazi: hushuka pale ili apande gari jingine.

Hali ya pili ni ya monita isiyo na HDMI. Hapa sauti haina budi kushushwa kabla haijafika kwenye monita. Kama monita ina tundu la VGA, kitafutwe kigeuzi ambacho, mbali na tundu la kutolea picha, kina pia tundu dogo la kutolea sauti. Vipo vigeuzi visivyo na tundu hilo, na hivyo ndivyo vilivyomponza kijana wa mfano uliotangulia. Kama monita ina DVI, kiwekwe katikati kitenganishi cha sauti, ambacho hupokea HDMI kwa upande mmoja, kisha hutoa picha kwa tundu moja na sauti kwa tundu jingine. Katika hali zote mbili, waya wa sabufa huchomekwa katika kigeuzi au kitenganishi.

Hali ya tatu ni ya asiye na kigeuzi wala kitenganishi. Pedi ya PlayStation 4 ina tundu la kutolea sauti. Hedifoni ichomekwe hapo, kisha katika mipangilio ya mashine ichaguliwe sauti yote ipelekwe katika hedifoni. Njia hii humfaa mchezaji mmoja. Spika za kawaida za bluututhi hazisaidii hapa, kwa kuwa mashine hiyo haikubali kuunganishwa nazo moja kwa moja.

Likibaki tatizo baada ya nyaya zote kuwa mahali pake, yaangaliwe mambo mawili. La kwanza ni namna ya sauti iliyochaguliwa katika mipangilio. Mashine inaweza kuwa inatoa sauti iliyofungwa kwa mfumo wa Dolby au DTS, ambao monita haiwezi kuufungua; ichaguliwe sauti isiyofungwa, inayoonyeshwa kwa jina la Linear PCM. La pili ni utambulisho. Kupitia waya huohuo wa HDMI, kioo huijulisha mashine kile kinachoweza kupokea. Kikijitambulisha kuwa ni cha picha tu, mashine haitaipeleka sauti. Hapo dawa ni kubadilisha kigeuzi. Kubadilisha waya hakutasaidia.

Msomaji aone kwamba maelezo hayo hayakuhitaji kuunda hata istilahi moja ngeni. Maneno 'tundu', 'waya', 'kichwa', 'kigeuzi' na 'kitenganishi' yanaeleweka, na yaliyotoholewa ni yale ambayo mtu atayakuta dukani. Kilichofanya kazi ni viambishi vya kauli ya kutendea. Ni jambo la kushangaza kwamba rasilimali hiyo ya sarufi, ambayo kila mwanafunzi wa isimu huifanyia mazoezi, haionekani sana katika orodha za istilahi. Orodha hupenda nomino. Huuliza 'hiki kinaitwaje?', mahali ambapo kazi inauliza 'hiki kinapeleka nini wapi?'

5.0 Hoja Zinazoweza Kupinga

Hoja ya kwanza ni kwamba utohozi unatosha. Mafundi husema 'HDMI', 'adapta', 'spika' na 'monita', na kazi zao zinakwenda. Hoja hii ina nguvu, na makala haya hayapingi utohozi. Hata maneno yenye maana mbili hayana madhara: 'spika' ni kiongozi wa Bunge na 'monita' ni kiongozi wa darasa, na hakuna anayechanganyikiwa. Lakini utohozi hutoa majina ya vitu tu. Hautoi uhusiano kati ya vitu hivyo. Anayejua neno 'adapta' hajui bado kama adapta yake inatoa sauti. Uhusiano huo lazima uelezwe kwa sarufi ya lugha inayozungumzwa, na hapo hakuna cha kukopa.

Hoja ya pili ni kwamba lugha ya mafundi ni ya mitaani, haina uthabiti, na kila fundi ana maneno yake. Ni kweli kwamba inatofautiana. Hata hivyo, hiyo ndiyo kazi ya asasi za lugha: kukusanya, kulinganisha na kuchagua. Neno la fundi limepita katika mtihani ambao neno la kamati halijaupita, kwa kuwa fundi akieleza vibaya, mteja hurudi akiwa na hasira. Lugha ya gereji ilikwisha kutoa 'gia', 'breki' na 'klachi' bila kamati, na kamusi zikayapokea. Ingekuwa busara kamusi zisisubiri hadi vyombo vipitwe na wakati ndipo ziyapokee maneno yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: teknolojia hubadilika upesi kuliko uwezo wa wanaistilahi. PlayStation 4 ya kwanza ilikuwa na tundu la kutolea sauti kwa mwanga. Toleo lake jembamba la mwaka 2016 liliondolewa tundu hilo, na PlayStation 5 hailirudishi. Mwanaistilahi aliyetumia mwaka mzima kulitafutia jina angekuwa amepoteza mwaka. Lakini hoja hii inaunga mkono msimamo wa makala haya. Matundu hufa, kuingia na kutoka hakufi. Istilahi iliyojengwa juu ya mwendo itamfaa mtumiaji wa chombo ambacho bado hakijabuniwa, ilhali istilahi iliyojengwa juu ya umbo la tundu itazikwa pamoja na tundu lake.

Ipo pia hoja ya kimyakimya ambayo haiandikwi lakini husikika: kwamba anayetaka elektroniki ajifunze Kiingereza. Matokeo yake yanaonekana. Orodha za mipangilio ya PlayStation 4 hazina Kiswahili, na maandishi yaliyo nyuma ya mashine ni ya Kiingereza. Kwa hiyo fundi wa mtaani amekuwa mfasiri bila kuitwa mfasiri, na mteja hulipia tafsiri hiyo kila mara anapolipia ufundi. Asiye na fundi karibu hulipia kwa kununua waya usiofaa. Gharama ya kukosa maelezo kwa Kiswahili si ya kinadharia. Hutoka mfukoni mwa mtu wa kipato kidogo.

6.0 Hitimisho

Juhudi za kuingiza Kiswahili katika kompyuta si chache. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo OpenOffice, na kuonyesha kwamba orodha za amri zinaweza kusomeka kwa lugha hii. Hata hivyo, kazi hiyo na nyingine za aina yake zilishughulikia uso wa mashine, yaani kile kinachoonekana kwenye kioo. Mgongo wa mashine, mahali penye nyaya na matundu, umeachiwa mafundi, na lugha yao haijaandikwa.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, wanafunzi wa uzamili wanaoandika kuhusu istilahi wapewe jukumu la kukaa katika meza ya fundi, Chamazi au kwingineko, na kunakili sentensi nzima badala ya maneno pweke. Katika sentensi nzima ndimo kauli ya kutendea huonekana ikifanya kazi. Katika orodha hupotea. Pili, kabla ya istilahi za ufundi kupitishwa, zitungiwe maelezo ya kazi moja halisi, na maelezo hayo apewe mtu asiyeijua kazi hiyo. Jaribio la namna hiyo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mashine moja, monita moja, sabufa moja na mtu mmoja mwenye subira.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na ni haki Waswahili wajivunie heshima hiyo. Lakini heshima ya lugha hupimwa pia nyuma ya meza ndogo, mahali ambapo kijana ameinama na tochi ya simu akitafuta tundu. Kama lugha yake itamwambia kwamba sauti inatokea hapa na kuingilia pale, atachomeka waya na kuendelea na mchezo wake. Ikishindwa kumwambia hivyo, ataendelea kutazama uwanja uliojaa watu wanaoshangilia bila sauti.